Maji Aliyoyachemsha Mwalimu

Kabla hatujamwona tulisikia pete. Ting, ting, ting, pete ya ndoa ikigonga chupa ya kioo kutoka mwisho wa baraza, kisha kimya kirefu, kisha ting tena. Katika kimya kile tulijua amesimama kupumzisha miguu, na wavivu miongoni mwetu walipata nafasi ya kumalizia kunakili kazi za wenzao. Hakuna mwalimu mwingine pale Kinyangiri aliyetupa onyo refu namna ile kabla ya kuingia darasani.

Chupa ilikuwa na maji ya mtu. Kila muhula ulipofunguliwa, kila mwanafunzi alitakiwa kuja na chupa ya maji kutoka kwao, yawe ya kisima, ya bomba, ya lambo au ya mchangani, na karatasi yenye jina la kijiji imefungwa shingoni kwa uzi. Asiyeleta alirudishwa, hata kama kwao ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Wazazi walilalamika. Bibi yangu alinijazia chupa huku akiguna, "Mwalimu gani huyu anayekusanya maji ya watu? Muulize anataka kutuloga kijiji kizima?"

Nilimuuliza kweli, kwa ujinga wa kidato cha kwanza. Hakukasirika. Aliinua chupa yangu kwenye dirisha, akaitazama kama mtu anayesoma barua.

"Mwambie bibi shikamoo," alisema. "Mwambie nataka kujua tu kama zizi lake liko upande wa juu wa kisima au wa chini."

Lilikuwa juu. Sikujua alijuaje kuuliza.

Alitufundisha biolojia na kemia kwa miaka minne, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwona na mgeni. Kuna neno moja alilopaswa kumwambia mtu mmoja aliyekaa Misigiri, safari ambayo ukiondoka asubuhi unarudi kabla jua halijazama. Hakulisema. Naandika kuhusu neno hilo, na kuhusu jinsi alivyoishi akiwa amelifungia ndani.

Vipimo vyake vilitoka zahanati. Mtu wa maabara alimwekea vijiti vya kupimia mkojo vilivyopitwa na tarehe, vile ambavyo kijisehemu kimoja hugeuka waridi kikikutana na chumvi inayoitwa nitriti. Sisi tukaeneza habari kwamba Mwalimu anapima mkojo wa visima. Alipotusikia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hamjakosea sana," alisema. "Ng'ombe anakojoa zizini, mvua inanyesha, udongo unameza, kisima kinapokea. Mnachokunywa ninyi mnadhani kilitoka mbinguni moja kwa moja?"

Ila vijiti vile haviioni nitrati, chumvi mama ambayo ndiyo imejaa kwenye maji ya namna hiyo. Vinamwona mtoto wake tu, nitriti. Kwa hiyo alikuwa na njia yake. Aligawa maji ya kila kijiji kwenye chupa mbili. Katika kila chupa alitia udongo kidogo wa shambani na chembe za sukari. Moja aliiacha wazi dirishani, akaitikisa kila alipopita ili hewa iingie. Nyingine aliijaza mpaka mdomoni, akaziba kwa kizibo na nta, akaifungia kabatini. Baada ya siku mbili alichovya vijiti mbele yetu. Kijiti cha chupa iliyokuwa wazi kilibaki cheupe. Cha ile iliyozibwa kiligeuka waridi kama fizi za mtoto.

"Maji ni yale yale," alisema. "Udongo ni ule ule. Tofauti ni hewa. Vijidudu vya udongo vikikosa oksijeni vinaitafuta popote, vinaikwapua kwenye nitrati. Kilichobaki ni hiki."

Alishika ile chupa iliyozibwa muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

Kuhusu mwili wa binadamu alitufundisha kwa kutusimamisha. Siku hiyo alimwita Mwanaidi mbele, akamwambia, "Wewe ni damu iliyoshiba oksijeni." Mimi nikaambiwa ni nitriti.

"Haya, kutaneni."

"Tukutane vipi, Mwalimu?" Mwanaidi aliuliza, na darasa likapasuka kwa kicheko.

"Bega kwa bega. Nyie wa nyuma, akili zenu zimelala wapi? Gonganeni. Basi. Mwanaidi, umeharibika. Umekuwa kahawia, huwezi kubeba oksijeni tena mpaka mwili ukutengeneze. Na wewe," akanigeukia, "umerudi kuwa nitrati. Umetulia. Kaa pembeni."

Kisha akamwita mvulana mmoja mnene, akamwamuru abane pumzi. "Huyu ni nyama ya mguu iliyopungukiwa hewa. Sasa wewe nitriti, nenda kwake. Umefika? Hapo hukutani na damu iliyoshiba, unakutana na yenye njaa. Inakunyang'anya oksijeni moja, unageuka gesi. Gesi hiyo inalegeza ukuta wa mshipa, mshipa unapanuka, damu inapita, hewa inafika. Pumua wewe, usije ukafia mikononi mwangu."

Mvulana akapumua kwa kishindo. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya darasa bila kujua nijichukulieje.

"Kwa hiyo mimi ni mbaya au mzuri, Mwalimu?"

"Uko wapi?" alijibu. "Kwanza niambie uko wapi, na hewa iko kiasi gani hapo ulipo. Halafu ndiyo uniulize hilo."

Huo ulikuwa msemo wake. Ukimletea ugomvi wa bweni, aliuliza, "Ilikuwa wapi?" Ukimwambia fulani ana roho mbaya, alisema, "Hapo alipokuwa kulikuwa na hewa?" Tulimwigiza mabwenini mpaka tukachoka.

Miguu yake ndiyo iliyokuwa mfano wake wa kudumu. Mishipa ilikuwa imesinyaa, na kila baada ya hatua mia hivi mashavu ya miguu yalimkaza, ikabidi asimame. Alikuwa na vituo vyake: kona ya mashine ya kusaga, jiwe kubwa jeupe njiani kwenda kanisani, nguzo ya tatu ya uzio wa shule. Ukimpita akiwa amesimama ukamsalimu, aliitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, kama anaongea na mtu mwingine, "Ngoja. Damu inakuja." Na kweli baada ya muda alitembea tena. Tulimwita Stopu, mbali na masikio yake. Alijua. Siku moja alimwandikia mwanafunzi mmoja pembeni ya daftari: "Stopu ameona ulivyonakili."

Kwa ajili ya miguu hiyo alikula majani kama mbuzi. Mlenda kila siku, mbichi wakati wa mvua na wa unga wakati wa kiangazi, pamoja na mchicha na majani ya maboga, juu ya ugali wa uwele. Mama wa jikoni, aliyempikia pamoja na walimu wengine wasio na familia, hakumwonea huruma hata siku moja.

"Mwalimu, si wewe unayewatisha wanawake kwamba chumvi ya kwenye maji inaua watoto? Na chumvi hiyo hiyo si umesema imo kwenye mboga? Sasa mbona unaifakamia?"

"Sijasema inaua kila mtu, mama. Nimesema mtoto mchanga."

"Na wewe?"

"Mimi ni mzee, nina miguu yenye njaa. Inanisaidia."

"Inakusaidia kunimalizia mlenda. Haya, lete sahani."

Kutema mate mbele yake kulikuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa. Alieleza kwamba mate yanarudisha mdomoni nitrati ya mboga tulizokula, na vijidudu vilivyo nyuma ya ulimi vinaigeuza nitriti, nasi tukimeza tunaipeleka mwilini, ikangoje mahali ambapo hewa itapungua. "Unatema dawa yako," alisema, "halafu kesho unakuja kuniambia umechoka kukimbia." Mpaka leo sitemi ovyo. Nimekaa miji mitatu, nimesahau fomula zote, lakini nikitaka kutema nasikia pete kwenye chupa.

Alikuwa mkali kwa uongo wa maabara. Ukiandika jibu la kitabuni wakati chupa yako imeonyesha jingine, alikufutia ukurasa mzima. "Andika ulichokiona," alisema, "hata kama kinakuaibisha. Hasa kama kinakuaibisha." Nilikuwa kidato cha nne nilipogundua kwamba mtu aliyesema hivyo alikuwa na ukurasa wake ambao hakuwahi kuuandika.

Siku hiyo nilimpelekea madaftari nyumbani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili nje kidogo ya shule. Uani kulikuwa na kisima kilichojengwa kwa matofali vizuri kabisa, nacho kimefunikwa kwa bamba la zege ambalo watu wanne wasingeliinua. Hatua chache juu yake ulionekana mduara wa udongo mweusi ambapo zamani palikuwa zizi. Ndani, ukutani, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi, ilining'inia sufuria kuukuu. Ndani ya sufuria kulikuwa na mistari myeupe, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji kwenye kingo za lambo linalokauka.

Niliiangalia zaidi ya ilivyo adabu. Akasema, "Umeona nini?"

"Chumvi, Mwalimu. Maji yalichemka yakapungua, chumvi ikabaki."

"Yakapungua mpaka wapi?"

Nikaupima mstari wa chini kwa macho. "Nusu. Au chini ya nusu."

"Na chumvi iliyokuwa kwenye sufuria nzima ikawa wapi?"

"Kwenye hiyo nusu."

"Haya," alisema. "Umefaulu." Akakaa kitandani kwa sababu kiti kimoja alinipa mimi, akanisimulia huku akitazama mlango.

Alikuja hapa akiwa kijana, mwalimu wa sayansi mwenye mke mpya kutoka upande wa Misigiri. Wanawake wa hapa wakati huo walichota maji korongoni. Mto ukikauka, walifukua mchanga kwa mikono mpaka maji yakajichuja yenyewe, wakachota kwa kata na kujaza kibuyu. Yeye aliyaona machafu. Alichimba kisima uani kwa nguvu zake, akakijenga, akajivunia. Mtoto wao wa kike alipozaliwa, maziwa ya mama yakawa machache, ikabidi asaidiwe kwa uji mwepesi. Mwalimu akaweka sheria: uji wa mtoto upikwe kwa maji ya kisima tu, tena yachemshwe. Hakuchemsha kwa dakika chache kama watu. Alichemsha mpaka moyo wake uridhike, asubuhi na jioni, mwenyewe, na sufuria hiyo.

Mke wake hakukiamini kisima. Alisema maji yake yana ladha ya zizi. Siku moja Mwalimu alimkuta amepika uji kwa maji ya mchangani, kwa siri. Alikichukua kibuyu, akayamwaga maji yote uani, shemeji zake wakitazama.

Mtoto alianza kubadilika rangi midomoni, kisha kuzunguka macho, kijivu kama jivu lililolowa. Hakuwa na homa. Alipumua haraka, na hakuwa na nguvu ya kulia. Watu walisema amelogwa. Walipotoboa kidole zahanati, damu ilitoka rangi ya kahawa, na hakuna aliyejua maana yake. Gari la kwenda hospitali lilipopatikana, hapakuwa tena na mgonjwa.

Kaburini, mbele ya watu wote, Mwalimu alimwambia mkewe, "Nilikukataza yale maji ya mchangani."

"Aliiangalia mikono yake," aliniambia. "Baada ya arobaini akarudi kwao. Sikumfukuza. Nilimwacha aende akiamini."

Miaka mitatu baadaye, akiandaa somo katika kitabu cha kuazima, alikutana na ukurasa mmoja. Tumbo la mtoto mchanga halina ukali wa kutosha, vijidudu vinastawi humo, nitrati ya kisima kilicho karibu na zizi inageuka nitriti, nayo damu laini ya mtoto inageuka kahawia. Na mwishoni mwa ukurasa, mstari mmoja: kuchemsha hakuondoi, kunazidisha.

"Nilifunga kitabu," alisema. "Kesho yake niliomba bamba la zege."

"Na Mama? Ulimwambia?"

Aliigusa pete. "Nitakwenda likizo hii."

Ile likizo nilimkuta kituoni alfajiri, amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyopakwa rangi. Mchana nilipopita mashine ya kusaga, alikuwa amekaa kwenye gunia la mtama, suti imejaa unga. "Nimeahirisha," alisema kabla sijamwuliza. Mama wa jikoni aliniambia baadaye kwamba suti ile ilitoka kila Desemba, na kila Desemba ilirudi na unga.

Sisemi alikuwa mwoga. Alipigana na wafugaji mpaka mazizi saba yakahamishwa upande wa chini wa visima, la bibi yangu likiwemo, na alitukanwa kwa kila moja. Watoto wangapi walipona kwa ajili hiyo, hatuwezi kujua, maana mtoto ambaye hakuugua hana hadithi. Lakini nyumbani kwake hakuna aliyegonga hodi, naye hakumgongea mtu. Jioni alikaa kwenye kizingiti akitazama lile bamba.

Mwaka huu, mwezi wa nane, alizeti zikiwa zimekwisha vunwa, nilifika Kinyangiri kumsalimia. Nilimkuta amevaa suti. Miguu ilikuwa imekwisha kabisa. Kutoka kitandani mpaka mlangoni alisimama mara moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na gari?"

"La kuazima."

"Basi, linatosha. Nipeleke Misigiri kabla sijakaa."

Tulimpata mke wake kwenye chumba cha kushonea kando ya barabara, nyuma ya cherehani, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jirani yake, msichana mwenye kitoto kichanga mkononi, alikuwa anajaribu gauni.

"Nishikie basi, Mama Fundi, nijifunge zipu."

"Mlaze hapo kwenye vitambaa."

"Ona huyu! Miezi miwili jirani yako, hujamshika hata siku moja. Hang'ati, hana meno."

"Mlaze, nimesema."

Msichana akamlaza, akavaa, akambeba, akatoka akicheka na kuingia mlango wa pili. Ndipo Mama Fundi alipotuona.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama aliyekuwa nyuma yangu, ameshika fremu ya mlango, anahema. "Na huyu umemfukua wapi?"

"Ngoja," Mwalimu alisema. "Damu inakuja."

"Kaa. Siyo hapo, hapo pana pini." Alimsogezea kigoda. Aliona kidole chake. "Bado unaivaa?"

"Haitoki. Vidole vimevimba."

"Hm," alisema, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo.

Nilitaka kutoka, Mwalimu akanishika mkono wa shati. Kisha akasema, bila utangulizi, kwa sauti aliyotumia kusomea majibu ya maabara:

"Ilikuwa maji yangu. Ya kisima. Yalikuwa na sumu ya zizi, na kuyachemsha kuliizidisha. Maji yako ya mchangani yalikuwa mazuri. Yale niliyomwaga ndiyo yangemwokoa."

Mguu wa Mama Fundi ulikuwa bado kwenye kanyagio la cherehani. Sindano ilishuka mara moja, ikasimama ndani ya kitambaa.

"Umejua lini?"

Niliomba moyoni adanganye.

"Mwaka wa tatu baada ya mazishi."

Alivua miwani. Alikaa akiangalia mikono yake, kiganja kwa kiganja, jinsi Mwalimu alivyonisimulia kwamba aliiangalia kaburini.

"Dada yangu amezaa saba," alisema. "Sikumshika hata mmoja. Nilidhani nina kitu mikononi. Nilikuwa nanawa mpaka ngozi inatoka." Sauti yake haikupanda. "Na wewe ulikuwa Kinyangiri unafundisha."

"Ndiyo."

"Unafundisha hilo hilo."

"Hilo hilo."

Alisimama, akafunua mtungi kwenye kona, akachota kikombe kimoja, akakiweka mbele ya Mwalimu. "Ya mchangani," alisema. "Kunywa. Umepauka."

Mwalimu alikishika kwa mikono miwili, pete ikagonga bati la kikombe. Alikunywa chote. Alipoinua uso kusema jambo jingine, labda lile la samahani ambalo alikuwa hajalifikia, mwanamke alikuwa amekwisha kujitanda khanga. Ng'ambo ya ukuta kitoto kilianza kulia, kilio kizuri chenye pumzi, na alisimama kukisikiliza.

"Ninyi kaeni," alisema. "Mimi nakwenda kwa jirani."

Aliifuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.